James Watt: Fundi aliyewapa wafanyabiashara kipimo cha farasi

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Mfanyabiashara yeyote anayeshusha jenereta, pampu ya maji au mota ya mashine ya kusaga hapa Bujumbura, iwe imepitia mpaka wa Kobero kwa lori au imefika bandarini kwa njia ya Ziwa Tanganyika, hukuta kibati kidogo kimebandikwa ubavuni mwa mashine hiyo. Juu ya kibati kuna namba, na baada ya namba kuna herufi: HP, CV, PS, kW au kVA.

Namba hizo ndizo zinazopanga bei. Mnunuzi wa Buyenzi anayetaka mota ya farasi 10 hatakubali kuuziwa ya farasi 7 kwa bei ileile, na akigundua baadaye kwamba amepewa pungufu, ugomvi hauishi.

Ni wachache hata hivyo wanaojua kwamba kipimo hicho cha farasi hakikuanzia darasani. Kilianzia katika biashara, baina ya muuzaji mwenye mashine mpya na wanunuzi waliotaka kujua kwanza wanalipia nini.

Muuzaji huyo alikuwa James Watt, fundi wa Uskochi aliyeishi kuanzia 1736 hadi 1819. Jina lake ndilo tunalolitamka kila tunaposema balbu ya wati 10 au paneli ya sola ya wati 300. Makala haya yanaeleza maisha yake, jinsi alivyokaribia kushindwa kabisa, na jinsi kipimo chake kilivyofika hadi kwenye kibati cha jenereta yako.

MTOTO WA BANDARINI

Watt alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 mjini Greenock, mji wa bandari karibu na mahali ambapo mto Clyde unaingia baharini. Baba yake alikuwa fundi wa meli, muuzaji wa vifaa vya meli na mwenye hisa katika vyombo vya usafirishaji. Babu yake alikuwa mwalimu wa hesabu.

Tangu utotoni alikuwa na afya dhaifu na alisumbuliwa sana na maumivu ya kichwa, hivyo sehemu kubwa ya masomo ya mwanzo aliyapata nyumbani. Katika karakana ya baba yake alipewa vifaa vyake mwenyewe, na huko alijifunza kutengeneza vitu vidogo kwa usahihi.

Ni lazima pia isemwe kwamba utajiri wa bandari zile ulitokana na tumbaku na sukari ya ng'ambo, mazao yaliyolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Familia ya Watt ilikuwa ndani ya biashara hiyo. Kumbukumbu za 1762 zinaonyesha kwamba Watt mwenyewe alishiriki katika kumpeleka mtoto mweusi mtumwa kwa familia moja ya matajiri huko Uskochi. Miaka mingi baadaye baadhi ya mashine za kampuni yake ziliuzwa kwa mashamba ya miwa ya Karibi. Msomaji wa Afrika ana haki ya kulijua hilo pamoja na sifa zake.

Mwaka 1753 mama yake alifariki dunia, na biashara ya baba ikayumba. Kijana akaondoka kutafuta ufundi, kwanza Glasgow na kisha London mwaka 1755. Wakati ule mwanagenzi alitakiwa kutumika miaka saba. Watt hakuwa na fedha wala afya ya kukaa miaka saba, akajifunza kwa mwaka mmoja tu, akifanya kazi hadi usiku, kisha akarudi kwao akiwa mgonjwa.

Aliporudi alitaka kufungua karakana mjini Glasgow, lakini chama cha mafundi wa mji huo kilimwekea kikwazo kwa sababu hakumaliza miaka inayotakiwa. Chuo Kikuu cha Glasgow ndicho kilichomwokoa. Mwaka 1757 kilimpa chumba ndani ya eneo lake, akawa fundi wa vyombo vya vipimo wa chuo hicho. Tangu 1759 aliendesha pia duka mjini kwa ubia, akiuza vyombo vya hesabu, ala za muziki na hata vitu vya watoto vya kuchezea ili mkono uende kinywani.

MASHINE ILIYOKULA MAKAA

Katika miaka ile migodi ya Uingereza ilikuwa ikijaa maji. Ilitumika mashine ya mvuke iliyobuniwa na Thomas Newcomen na kuanza kazi mwaka 1712. Mashine hiyo ilivuta maji vizuri, lakini ilikula makaa ya mawe kupita kiasi. Mwenye mgodi wa makaa hakujali sana, kwa kuwa makaa yalikuwa yake. Mwenye mgodi wa bati au shaba, aliyelazimika kununua makaa na kulipia usafiri wake, aliona faida yote ikiishia motoni.

Majira ya baridi ya 1763 kuelekea 1764 Watt aliletewa mfano mdogo wa mashine ya Newcomen uliotumika kufundishia, ili autengeneze. Aliutengeneza, lakini akashangaa kuona kwamba mvuke uliisha baada ya mapigo machache tu.

Alipochunguza alipata jibu. Katika mashine ile mvuke uliingia ndani ya silinda, kisha maji baridi yakarushwa humohumo ili mvuke ugeuke maji na pistoni ishuke. Kwa hiyo silinda ilipashwa moto na kupozwa kila pigo. Ni sawa na mama mwenye mgahawa anayechemsha chai, na kila baada ya kumimina kikombe kimoja anaimwagia sufuria maji baridi, kisha anaanza kuipasha upya. Kuni zitaisha, na wateja bado wanasubiri.

Mwaka 1765, akiwa anatembea Jumapili moja katika uwanja wa Glasgow Green, Watt alipata ufumbuzi. Mvuke uliomaliza kazi utolewe nje ya silinda na upozwe katika chombo kingine, pembeni. Silinda ibaki moto wakati wote, na chombo cha pembeni kibaki baridi wakati wote. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi, lakini kulifanya liwe mashine inayouzika kulimchukua zaidi ya miaka kumi.

MADENI NA MIAKA YA NJAA

Kujenga mashine kulihitaji mtaji, na Watt hakuwa nao. Mwekezaji wa kwanza alikuwa John Roebuck, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda cha chuma cha Carron. Roebuck alibeba madeni ya Watt, naye akapewa theluthi mbili za haki ya uvumbuzi huo. Hati ya kulinda uvumbuzi ilitolewa mwezi Januari 1769.

Hata hivyo mashine haikukamilika. Mafundi wa wakati ule hawakuweza kuchonga silinda iliyo duara sawasawa, hivyo mvuke ulivuja kando ya pistoni. Watt, ambaye alikuwa na mke na watoto, alilazimika kutafuta riziki kwingine. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya kupima njia za mifereji ya majahazi, ukiwamo mfereji wa Monkland, uliokusudiwa kupunguza gharama ya kusafirisha makaa hadi Glasgow. Wasafirishaji wanaosoma hapa watafurahi kujua kwamba mtu huyu aliwahi kuishi kwa kazi ya njia na gharama za mizigo kabla hajajulikana kwa lolote.

Mwaka 1773 mambo mawili mabaya yalimpata. Roebuck alifilisika. Na mke wake, Margaret Miller, aliyemwoa mwaka 1764, alifariki dunia wakati wa kujifungua, Watt akiwa safarini kikazi.

Hapo ndipo alipojitokeza Matthew Boulton, mwenye kiwanda kikubwa cha bidhaa za chuma huko Soho, karibu na Birmingham. Roebuck alikuwa na deni kwa Boulton la pauni 1,200. Wadai wengine waliiona haki ya mashine ya Watt kuwa karatasi isiyo na thamani. Boulton akaichukua karatasi hiyo badala ya deni lake. Mwaka 1774 Watt alihamia Birmingham, na mwaka 1775 Bunge la Uingereza liliongeza muda wa haki hiyo hadi mwaka 1800.

Tatizo la silinda nalo lilipata dawa. John Wilkinson, mfua chuma aliyekuwa na mashine mpya ya kutoboa mizinga, aliweza kuchonga silinda kwa usahihi ambao haukuwahi kuonekana. Mwaka 1776 mashine za kwanza za Boulton na Watt zilianza kazi. Zilitumia chini ya nusu ya makaa ya mashine za Newcomen.

KUUZA AKIBA BADALA YA MASHINE

Sasa likaja swali ambalo kila mfanyabiashara analijua: bei iwe kiasi gani?

Boulton na Watt walichagua njia isiyo ya kawaida. Mwenye mgodi alinunua vyuma na kulipa mafundi mwenyewe, huku kampuni ikimpa michoro, baadhi ya vipuri muhimu na msimamizi. Kisha kila mwaka aliilipa kampuni theluthi moja ya thamani ya makaa aliyookoa, ikilinganishwa na makaa ambayo mashine ya Newcomen ingetumia kwa kazi ileile. Theluthi mbili za akiba zilibaki kwake.

Mpango huo ulihitaji kipimo ambacho pande zote mbili zinakubali. Kwa hiyo mashine ilifungwa kifaa cha kuhesabu mapigo, kikawekwa ndani ya kisanduku chenye kufuli ili mtu asichezee namba. Ndugu msomaji, mita ya umeme yenye lakiri iliyo ukutani kwako ni kazi ya namna ileile.

Hata hivyo wenye migodi wa Cornwall walilalamika sana. Mwaka wa kwanza walifurahia akiba. Baada ya miaka kadhaa walisahau gharama za zamani na kuona kwamba wanatozwa kwa jambo ambalo tayari ni lao. Wengine waliacha kulipa. Watt, ambaye alichukia kabisa kubishana bei, aliugua kwa wasiwasi. Boulton ndiye aliyekuwa na moyo wa soko.

Kazi ya barua na hesabu ilikuwa nyingi mno, na Watt hakutaka kuajiri karani wa kunakili kila kitu. Akabuni njia ya kupata nakala: barua iliandikwa kwa wino maalumu, kisha karatasi nyembamba yenye unyevu ikagandamizwa juu yake. Alipata haki ya kifaa hicho mwaka 1780, na ofisi nyingi za biashara zilikitumia kwa zaidi ya miaka mia moja. Yeyote aliyewahi kuokolewa na nakala ya stakabadhi mbele ya ofisa wa forodha ataelewa thamani yake.

FARASI ANAINGIA KATIKA HESABU

Mwanzoni mwa miaka ya 1780 soko lilibadilika. Migodi haikuwa mteja pekee. Wenye viwanda vya nyuzi, vinu vya nafaka na viwanda vya bia walitaka mashine ya kuzungusha magurudumu. Watt alipata haki ya mashine ya kuzungusha mwaka 1781.

Wateja hawa wapya hawakuwa na mashine ya Newcomen ya kulinganisha nayo. Walikuwa na farasi, waliozunguka siku nzima wakisukuma gurudumu. Hivyo hesabu ya akiba ya makaa haikuwa na maana kwao. Walichotaka kujua ni kimoja: mashine hii itaondoa farasi wangapi zizini?

Watt hakuwa wa kwanza kulinganisha mashine na farasi. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake, lakini kila mmoja alikuwa na farasi wake. Mhandisi John Smeaton alikadiria kwamba farasi anaweza kufanya kazi sawa na kuinua ratili 22,916 futi moja kwa dakika. Mwanasayansi John Desaguliers alitaja 44,000.

Watt alichukua hesabu ya farasi wa kinu. Farasi huyo alizunguka duara lenye upana wa futi 24, mara 144 kwa saa, akivuta kwa nguvu ya ratili 180. Jibu lilikuwa ratili 32,500 na kidogo kwa kila futi moja kwa dakika. Akalipandisha hadi 33,000, na hapo kipimo kikakaa.

Kwa vipimo vya leo, farasi mmoja wa Watt ni sawa na kuinua mzigo wa kilo 76 mita moja juu kila sekunde, bila kupumzika. Wapagazi wa sokoni watasema hiyo si kazi ya mchezo, na farasi wa kawaida pia hawezi kuiendeleza siku nzima.

Hapa ndipo palipo na busara ya kibiashara. Watt angeweza kuchagua farasi dhaifu, na mashine ileile ingeonekana kuwa na farasi wengi zaidi kwenye karatasi. Alichagua farasi mwenye nguvu kuliko wa Smeaton. Mteja aliyenunua mashine ya farasi 10 alipata kazi inayozidi ya farasi 10 wake wa zizini, na hakuwa na sababu ya kurudi kulalamika. Wakulima wetu wanaijua lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo kwa hasara ya muuzaji asiyetaka. Watt alijaza gunia kwa hiari yake, akijua kwamba jina zuri litamrudishia.

Kisha akatoza kwa kipimo hicho: pauni 5 kwa kila farasi kwa mwaka mikoani, na pauni 6 mjini London. Kiwanda cha bia cha Whitbread mjini London kilikuwa miongoni mwa wateja wa mapema, mwaka 1785.

MTU ALIYEFUNGUA NJIA NA KUIZIBA

Kufikia mwaka 1800 kampuni ilikuwa imejenga mashine karibu 500. Watt alikuwa mwanachama wa Royal Society ya London tangu 1785 na alikuwa tajiri.

Lakini wapo waliomlaumu, na lawama hiyo inawahusu wasafirishaji. Watt alilinda haki yake kwa ukali, akiwashtaki mahakamani mafundi wengine hadi aliposhinda kabisa mwaka 1799. Aidha aliuogopa mvuke wenye shinikizo kubwa, akiamini utaua watu. Bila shinikizo kubwa mashine haikuweza kuwa ndogo ya kutosha kuwekwa juu ya magurudumu. Msaidizi wake hodari, William Murdoch, alitengeneza mfano mdogo wa gari la mvuke mwaka 1784, lakini kampuni haikumtia moyo aendelee.

Haki ilipokwisha mwaka 1800, mlango ulifunguka. Richard Trevithick aliendesha gari la mvuke barabarani mwaka 1801, na mwaka 1804 akavuta mabehewa juu ya reli. Mwaka 1807 meli ya Robert Fulton ilianza safari za abiria kwenye mto Hudson nchini Marekani, ikitumia mashine iliyotoka kwa Boulton na Watt.

Mvuke huo ulifika hadi kwetu. Meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen ilifunguliwa vipandevipande, ikafungwa katika maelfu ya makasha, ikasafirishwa kwa reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na kushushwa majini mwaka 1915. Ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, ikaopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Iliendelea kwenda kwa mvuke hadi ilipowekewa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Wazee wengi wa biashara za ziwani wanaikumbuka.

Watt mwenyewe alistaafu mwaka 1800. Alikuwa amemwoa Ann MacGregor mwaka 1776, lakini watoto wao wawili walikufa wakiwa bado vijana. Alitumia uzee wake katika karakana ndogo nyumbani kwake Heathfield, akitengeneza mashine ya kunakili sanamu. Alifariki tarehe 25 Agosti 1819 akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa katika kanisa la Handsworth, ambako Boulton alikuwa amezikwa miaka kumi kabla.

JINA LINAHAMIA KWENYE UMEME

Umeme ulipoanza kuuzwa, dunia ilihitaji kipimo kipya. Mwaka 1882 William Siemens, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Uingereza, alipendekeza kipimo cha nguvu ya umeme kiitwe wati, kwa heshima ya fundi wa mvuke. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme mjini Paris ulikikubali mwaka 1889, pamoja na juli, kipimo cha nishati chenye jina la James Joule, mtoto wa familia ya watengeneza bia. Mwaka 1960 vyote viwili viliingia katika mfumo wa vipimo wa kimataifa.

Hivyo mtu aliyetupa farasi alipewa wati, ingawa mashine zake zote zilikuwa za mvuke na hakuna hata moja iliyozalisha umeme. Na farasi wake hakufa. Yuko kwenye kila kadi ya lori.

KWA MFANYABIASHARA WA LEO

Mambo machache yafaa kukumbukwa kabla ya kulipa.

Farasi wa Kiingereza, HP, ni wati 746. Farasi wa Kifaransa, CV au ch, ni sawa na PS ya Wajerumani na Wajapani, nao ni wati 735 na nusu. Lori la PS 400 lina kilowati 294, na la HP 400 lina kilowati 298. Tofauti ni ndogo, lakini ipo.

Jenereta iliyoandikwa kVA 100 haitoi kilowati 100. Kwa kawaida hutoa kilowati 80. Muuzaji anayezitaja hizo mbili kana kwamba ni kitu kimoja, ama hajui, ama anajua sana.

Kilowati ni nguvu, yaani kasi ya kazi. Kilowati-saa ni kazi yenyewe iliyofanyika. Dereva anaweza kuifikiria kama tofauti kati ya mwendo wa gari na umbali liliotembea. Kwa hiyo bwawa la Rusumo kwenye mto Kagera, ambalo Burundi, Rwanda na Tanzania zinagawana umeme wake, linatajwa kwa megawati 80, lakini umeme wa kulipia kabla unaununua kwa kilowati-saa.

Zaidi ya yote, simamia kibati. Kipimo kilibuniwa ili muuzaji na mnunuzi wasiofahamiana waweze kuaminiana. Kibati kilichobanduliwa na kubandikwa kingine chenye namba kubwa zaidi kinamwibia mnunuzi mmoja leo, na kesho kinamwibia kila muuzaji mwaminifu wa soko hilo, kwa kuwa hakuna atakayeamini tena namba yoyote. Watt aliyekuwa akiogopa hata kubishana bei alilijua hilo, na ndiyo maana alimwongezea farasi wake nguvu badala ya kumpunguzia.